Maswali ya wasomaji: Sumaku moja na skrini moja vinaonyeshaje bimu nzima?

Toleo lililopita tuligusia kazi ya watafiti wa maabara ya SLAC kule California pamoja na wenzao wa Argonne, Illinois, ambao wamechora upya bimu ya elektroni, yaani mkondo wa elektroni zinazokimbia pamoja, kwa undani wakitumia vifaa ambavyo karibu kila akselereta (mashine ya kuharakisha chembe) inavyo: sumaku, na skrini inayong'aa elektroni zikiigonga. Ilikuwa aya mbili tu ila barua zimemiminika kuliko zile za mambo ya simu. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, mnivumilie, maana ikieleweka hiyo zingine zote zinakuwa rahisi.

Mwalimu shikamoo. Nasoma fizikia mwaka wa pili hapa Dodoma. Mlisema eti akselereta ikishakuwa na sumaku ya kwadrupoli na skrini inatosha kuijua bimu. Sijaelewa kabisa, skrini si inaonyesha doa tu? Doa linakwambiaje chembe zinaelekea wapi? Naomba nieleweshe taratibu maana nikiuliza darasani wananicheka. — Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mdogo wangu, na hao wanaokucheka waambie wakujibu wao kwanza halafu ndo wacheke. Swali lako ndo lenyewe, watu wa akselereta wamekesha nalo miaka na miaka.

Tuanze na bimu yenyewe. Elektroni haziendi kama uzi mmoja mrefu, zinaenda kwa mafungu, na fungu lenye chaji ya nanokulombu 1 tu lina elektroni zaidi ya bilioni 6. Kila elektroni ina namba zake 6: iko wapi kushoto-kulia, iko wapi juu-chini, inaelekea wapi kushoto-kulia, inaelekea wapi juu-chini, iko mbele au nyuma kiasi gani ndani ya fungu, na nishati yake imezidi au imepungua kiasi gani ukilinganisha na ya wenzake. Ukijua zilivyojipanga hizo namba 6 kwa fungu zima basi unaijua bimu, unaweza kutabiri itafanya nini huko mbele. Skrini inakupa namba 2. Zile 4 zimejificha, kwa hiyo hapo uko sahihi asilimia mia.

Chukulia watu wanatoka Uwanja wa Mkapa baada ya Simba na Yanga. Picha moja ya kutokea juu inakuonyesha nani yuko wapi, ila haikwambii nani anakwenda Mbagala na nani anakwenda Kariakoo. Piga nyingine baada ya dakika tano, na nyingine tena, utaona umati huu unajikusanya kule, ule unatawanyika, na bila kumuuliza mtu hata mmoja unaanza kujua nani alikuwa anaelekea wapi tangu ile picha ya kwanza. Sasa bimu huwezi kuisubiri dakika tano, inakimbia karibu na kasi ya mwanga, na skrini haitembei. Unachoweza ni kubadilisha kilichopo katikati ya safari, ambacho ni sumaku.

Kwadrupoli ni sumaku ya ncha 4. Chembe ikipita katikati kabisa haiguswi, ikipita pembeni inasukumwa, na kadri ilivyo mbali na katikati ndivyo inavyosukumwa zaidi. Ina kituko chake: ikiibana bimu kushoto-kulia inaitanua juu-chini, haikwepeki, ndo sheria za usumaku. Wazo la kupanga sumaku za namna hii zikipokezana, moja inabana nyingine inatanua na jumla yake inabana, lilitangazwa kwenye maabara ya Brookhaven, Marekani, mwaka 1952 na Courant, Livingston na Snyder, baadae ikagundulika kuna Mgiriki mmoja, Nicholas Christofilos, alikuwa mhandisi wa lifti Athens, alishaliwaza kabla yao akiwa peke yake. Tuachane na hayo.

Shika kalamu. Chembe A iko milimita 1 kulia ya mstari wa katikati, na inaelekea kulia kwa miliradiani 0.5, yaani kila mita 1 ikienda mbele inahama nusu milimita. Skrini iko mita 2 mbele. Sumaku ikiwa imezimwa, A inatua milimita 2 kutoka katikati. Chembe B yenyewe imeanzia milimita 2 na inaenda moja kwa moja bila kwenda upande wowote, nayo inatua palepale kwenye milimita 2. Kwenye skrini A na B ni kitu kimoja, huwezi kuzitofautisha hata ukiweka kamera ya mamilioni. Sasa washa sumaku, uiweke nguvu ambayo fokasi yake ni mita 2, yaani chembe zinazokwenda moja kwa moja zinakutana katikati mita 2 mbele. A iko milimita 1 kwa hiyo inasukumwa ndani miliradiani 0.5, ule mwelekeo wake wa kulia unafutika, inatua milimita 1. B iko milimita 2, inasukumwa ndani miliradiani 1, ikifika skrini imerudi milimita 2 nzima, inatua sifuri. Umeona? Zilikuwa zimelaliana, umegusa umeme wa sumaku kidogo tu zimeachana. Skrini ni ileile na kamera ni ileile, ila mwelekeo uliokuwa umejificha umegeuka kuwa mahali, na mahali skrini inapaona.

Njia hii ni ya kale. Unabadilisha umeme wa kwadrupoli hatua kwa hatua, kila hatua unapiga picha, unapima upana wa doa, ukichora kipeo cha pili cha upana dhidi ya nguvu ya sumaku unapata parabola. Parabola ina namba 3, na hizo 3 ndo zinakupa mtawanyiko wa mahali, mtawanyiko wa mwelekeo, na uhusiano kati ya hivyo viwili. Ukiziunganisha unapata emitansi, ambayo ni kama eneo bimu inalolichukua kwenye ramani ya mahali na mwelekeo. Ukiibana bimu kwa kwadrupoli inakuwa nyembamba lakini mielekeo inatawanyika zaidi, eneo linabaki lilelile, ndo maana kila mtu wa akselereta anaililia emitansi: ikishaharibika mwanzoni huko, sumaku za mbele haziirudishi. Vipimo 3 vinatosha kihesabu, ila hakuna mtu makini anayepima 3, wanapima 8 au 10 au zaidi kwa sababu ya kelele.

Haya, sasa tatizo la njia ya kale ni hili, na mimi linaniuma kwelikweli. Kamera imekuletea picha yenye pikseli laki kadhaa, doa lina mkia huku, lina kovu kule, limelala mshazari, halafu wewe unaikamua picha nzima mpaka ibaki namba 1 au 2 za upana, zingine zote unazitupa jalalani. Na ukishatupa inabidi ujidanganye kwamba bimu ni yai zuri lililosawazika. Bimu za kweli sio hivyo. Elektroni zinachomolewa na leza kwenye kathodi, yaani kibati cha kutolea elektroni, doa la leza lenyewe halijasawazika, halafu elektroni zinasukumana zenyewe kwa zenyewe maana zote zina chaji moja, kufika huko mbele umbo limepinda kama herufi S na lina kiwingu pembeni. Yai halisemi hayo, na wakati mwingine ni kile kiwingu cha pembeni ndo kinachogonga bomba na kupasha moto vitu visivyotakiwa.

Watu walijua hilo zamani. Hospitalini mashine ya CT inazunguka mgonjwa, inakusanya vivuli vya pembe nyingi, halafu hesabu zinarudisha picha ya ndani, na hesabu zenyewe msingi wake ni za mwanahisabati Radon, 1917. Mmoja wa waliozifanyia kazi hizo kwa ajili ya hospitali ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuliwaza tatizo hilo mwaka 1956 akiwa anasaidia hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, na akaja kupata Nobel mwaka 1979 pamoja na Hounsfield. Kwenye akselereta kwadrupoli inafanya kazi ya kuzungusha: kila nguvu ya sumaku ni kivuli cha pembe nyingine. Pale CERN, maabara ya chembe ya Ulaya iliyoko Geneva, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wanafanya tomografia (ndo jina la hesabu hizo za vivuli) kama hiyo kwa upande wa mbele-nyuma na nishati, na wao hata sumaku hawaihitaji, fungu lenyewe linajizungusha kila linapopita kwenye duara, wanakusanya ishara za kipimio cha kawaida mzunguko baada ya mzunguko.

Ila ukitaka namba zote 6 kwa pamoja tomografia ya kawaida inakulemea. Piga hesabu: ukigawa kila namba vipande 10 tu una vyumba milioni 1. Maabara ya Oak Ridge, Tennessee, mwaka 2018 walikuwa wa kwanza kuipima bimu kwa namba zote 6 moja kwa moja, wakitumia mianya myembamba inayokata bimu kipande kwa kipande, ilikuwa kazi ya kishujaa na ilichukua kama masaa 32. Masaa 32 ya mashine! Na ile ilikuwa mashine ya majaribio, kwenye mashine yenye foleni ya watafiti hakuna atakayekupa hata robo yake.

Ndo tunafika sasa kwa Ryan Roussel na wenzake wa SLAC na Argonne. Mwaka 2023 kwenye jarida la fizikia la Physical Review Letters walionyesha hivi: badala ya kupima kila chumba, anza na fungu la kubuni ndani ya kompyuta, lipitishe kwenye simulesheni ya sumaku na umbali uleule wa mashine, lipige kwenye skrini ya kubuni, ulinganishe na picha ya kweli. Haifanani? Rekebisha fungu, rudia. Kinacholifinyanga lile fungu ni mtandao mdogo wa nyuroni, unapokea nukta za nasibu zisizo na umbo unazigeuza kuwa bimu. Na ujanja mkubwa uko kwenye simulesheni, imeandikwa kiasi kwamba ukiona kosa kwenye pikseli unaweza kulifuata kinyumenyume mpaka skrini, mpaka sumaku, mpaka kwenye fungu, ukajua kila kitasa cha mtandao, yaani kila namba yake inayorekebishika, ukizungushe upande gani. Bila hiyo ungelazimika kugusa vitasa kimoja kimoja, na vipo maelfu, kila kimoja na simulesheni yake, ungezeeka. Kwa njia hii vitasa vyote vinapata jibu kwa mpigo mmoja. Walipata namba 4, yaani mahali na mwelekeo kwa pande zote mbili, kwa kwadrupoli moja na skrini moja na picha chache. Mwaka uliofuata wakaja na zote 6 kwa picha 20 tu.

Ila hapo kwenye 6 niseme ukweli, kuna kamtego kidogo kwenye kusema vifaa ni vya "kawaida". Ili kuona mbele-nyuma waliongeza kifaa cha mawimbi ya redio kinachopiga kichwa cha fungu juu na mkia chini, hivyo muda unakuwa urefu kwenye skrini, na kwa ajili ya nishati wakatumia sumaku ya kupindisha, zenye nishati kubwa zinapinda kidogo na zenye ndogo zinapinda sana. Sumaku ya kupindisha utaikuta kila mahali. Kile kifaa cha mawimbi hapana, maabara nyingi ndogo hazina.

Kwa hiyo ni AI. Mimi nafanya kazi za picha hapa Mombasa na naijua AI vizuri, ukiipa picha yenye ukungu inakuchorea uso mzuri wa mtu ambaye hayupo duniani. Sasa hawa wanajuaje kama bimu yao siyo uso wa aina hiyo? Msitutie kiini macho ndugu. — Mpiga picha, Mombasa

Swali la maana na umelileta kwa ukali unaostahili. Nadhani sifa ya AI imewaponza hawa jamaa kidogo, maana mtu akisikia mtandao wa nyuroni anafikiria kitu kilichokariri picha milioni halafu kinabahatisha. Huu haujakariri chochote. Haukuonyeshwa bimu yoyote kabla. Unaanza mtupu kwa kila kipimo, na kinachoubana ni fizikia ya sumaku pamoja na zile picha zenyewe. Programu yako ya kusafisha sura inaongeza vitu kwa sababu imeona sura nyingi, inajua pua inakaaga wapi. Huu haujui bimu "inakaaga" vipi.

Ila hofu yako haijaisha hapo, kwa sababu hata bila kukariri kuna mabilioni ya bimu tofauti zinazoweza kuzaa picha zilezile 10. Utachagua ipi? Wao wanachagua ile iliyotawanyika kuliko zote kati ya zinazokubaliana na picha, yaani kama picha hazijasema kuna nundu basi usiweke nundu. Ni kanuni ya kizamani, kwenye tomografia ya akselereta ilikuwepo kabla hata ya mitandao hii. Kwa hiyo kosa lake likitokea linaelekea upande wa kulainisha kupita kiasi, halielekei upande wa kubuni sura. Ukinilazimisha nichague kati ya makosa mawili nachukua hilo.

Halafu wanaficha picha. Kwa mfano una picha 20, unampa mtandao 10, zile 10 nyingine unazifungia kabatini, mwishoni unamwambia haya sasa tabiri doa litakuaje sumaku ikiwa kwenye nguvu hii ambayo hujawahi kuiona. Akipatia umbo, mpaka mikia, basi anajua kitu. Na hesabu inarudiwa wanakusanya majibu mengi kidogo tofauti, sehemu ambapo majibu yote yanakubaliana wanaamini, sehemu yanapotofautiana wanaonyesha kwamba hapa hatuna uhakika. Hiyo ya mwisho ndo naipenda kuliko zote, kwa sababu parabola ya kale ilikuwa inakupa emitansi kwa desimali tatu na sura kavu kabisa.

Mahali ambapo unaweza kupigwa kweli ni kwingine. Kama simulesheni inadhani sumaku iko mita 2 kutoka skrini na kiukweli ni mita 2.05, mtandao hautalalamika, utaipinda bimu mpaka ifanane. Chuma cha sumaku kina kumbukumbu, ukishusha umeme hakirudi palepale kilipokuwa wakati unapandisha, usipoupandisha na kuushusha umeme wake vizuri kabla ya kupima unajidanganya. Skrini nazo zinashiba: sehemu ya bimu yenye msongamano inatakiwa kung'aa mara kumi inang'aa mara sita, unapata doa nono kuliko la kweli. Ukiwa na chaji nyingi na nishati ndogo elektroni zinasukumana njiani, na simulesheni isipohesabu msukumano huo imekwisha. Bimu ikipita nje kidogo ya katikati ya kwadrupoli, kila ukibadilisha umeme doa linahama lote zima. Na mafungu hayafanani, la saa hii na la sekunde inayofuata sio mapacha. Haya yote mtandao wa nyuroni hauyatibu, yanatibiwa na fundi mwenye subira na rula. Kwa hiyo kiini macho hamna, lakini mtu akinunua hesabu hizi akidhani zitaficha mashine isiyojulikana vipimo vyake atapata bimu nzuri ya uongo.

Kwanini wasitie kamera nyingi tu ndani ya bomba wamulike pande zote? — Fundi CCTV, Kisumu

Kwa sababu elektroni hazionekani mzee wangu, kamera haioni bimu, inaona skrini inavyong'aa ikigongwa. Mara nyingi ni kioo cha fuwele ya YAG, kinatoa mwanga wa kijani-njano, na kamera inakaa nje ya bomba inachungulia kupitia dirisha dogo maana ndani ni ombwe na mionzi itaua kamera haraka. Skrini ikishaingia inaharibu bimu, ndo maana unapima halafu unaitoa watu waendelee na kazi. Kwenye mashine zenye nguvu kubwa kama ya CERN bimu kamili ingeiyeyusha kabisa, kule wanapitisha uzi mwembamba wa kaboni kwa kasi, vipimio vyao vipya vinafika mita 20 kwa sekunde, unapita na kutoka kabla haujaungua.

Shikamoo mwalimu. Mama yangu mdogo ameanza matibabu ya mionzi Ocean Road, wanatumia mashine ya LINAC. Nimesoma mahali kwamba LINAC nayo ni akselereta. Sasa na wao hupiga hizo picha za bimu kabla ya kumtibu mtu? Nauliza tu kwa kutaka kujua, mama anaendelea vizuri. — Binti, Temeke

Marahaba mwanangu, na mfikishie mama salamu, Mungu amkamilishie. Ndiyo, LINAC ni akselereta kamili, ndogo tu. Ndani yake elektroni zinaharakishwa kwa mawimbi ya redio ndani ya mrija mfupi, zinagonga kipande cha tangsteni, zinazaa eksirei, na hizo ndo zinazokwenda kwa mgonjwa. Wana njia za kupima, ila sio kwa skrini na kwadrupoli. Elektroni zimefungiwa ndani ya kichwa cha mashine, doa lao pale kwenye tangsteni ni la milimita moja mbili hivi, na mwanafizikia wa hospitali hana mlango wa kuchungulia humo.

Anachofanya anaweka tenki la maji chini ya mashine, kwa sababu mwili wa binadamu unanyonya mionzi karibu sawa na maji, halafu ndani ya tenki kuna kipimio kidogo kinachoendeshwa na mota, kinapanda kinashuka kinakwenda kushoto na kulia, kinaandika dozi kila kinaposimama. Mashine ya megavolti 6, dozi ya juu kabisa inakuwa kama sentimita 1.5 chini ya uso wa maji halafu inapungua taratibu, na ule mteremko ndo unaomwambia nishati ya elektroni ni ileile ya jana au imehama. Upande wa kushoto-kulia anaangalia kama uwanda umesawazika na pande mbili zinalingana. Tenki halitolewi kila siku, linatumika mashine inapopokelewa na kwenye ukaguzi mkubwa, asubuhi kabla ya wagonjwa kuna vipimo vifupi.

Na hapa ndo panafanana na barua ya Dodoma. Mtafiti anayetaka kujua lile doa la elektroni lililofungiwa anatengeneza LINAC ya kubuni kwenye kompyuta, anabahatisha nishati na upana wa doa, anarusha chembe za kubuni mpaka kwenye maji ya kubuni, analinganisha na kipimo cha tenki la kweli, anarekebisha mpaka zifanane. Tofauti ni kwamba hospitali haihitaji namba zote 6 za kila elektroni, inahitaji kujua dozi inayofika kwa mgonjwa ni ile iliyoandikwa na daktari, na hiyo wanaipima moja kwa moja. Kwa hiyo mama akikuta siku mashine imesimama nusu saa na mtu anahangaika na vipimio asikasirike, anamhangaikia yeye.

Mwalimu habari, mimi niko Goma, nimemaliza informatike. Hatuna akselereta hapa na sidhani tutapata hivi karibuni. Mtu kama mimi mwenye laptopu anaweza kufanya kitu kwenye mambo haya ama niache tu? — Kijana, Goma

Usiache. Hiki ni moja ya vipande vichache vya fizikia ya akselereta ambapo kazi kubwa iko kwenye kompyuta na sio kwenye bomba. Simulesheni ya aina niliyoeleza ipo bure, moja inaitwa Cheetah, imeanzishwa kwenye maabara ya DESY kule Hamburg, imejengwa juu ya PyTorch (programu ya kufunzia mitandao ya nyuroni) na unaiendesha kwa Python, unaipakua leo usiku umeme ukiwepo. Laptopu yako inatosha kwa kuanzia, hata bila kadi kubwa ya picha.

Kuhusu mashine za kweli, Afrika iliyo kubwa ni ya iThemba LABS karibu na Cape Town, saiklotroni yao, yaani akselereta ya kuzungusha chembe, inafikisha protoni megaelektronivolti 200. Kuna pia shule ya fizikia ya Afrika inayozunguka nchi kwa nchi tangu 2010, mwaka 2016 ilikuwa Kigali, hapo jirani yako kabisa, na CERN ina programu ya wanafunzi wa kiangazi inayopokea hata watu wa nchi zisizo wanachama, ila hiyo inataka uwe bado unasoma kwa hiyo angalia masharti kabla hujajaza fomu.

Lakini kabla ya fomu fanya zoezi hili. Achana na namba 6, anza na 2: mahali na mwelekeo, upande mmoja tu. Tengeneza bimu ya siri yenye vichwa viwili, yaani mafungu mawili ya nukta yaliyokaa sehemu tofauti kwenye ramani. Ipitishe kwenye kwadrupoli na mita 2 za bomba tupu, ni matriki mbili ndogo tu unazidisha, uandike histogramu ya zinapotua. Rudia kwa nguvu 10 za sumaku, pande zote mbili, kubana na kutanua. Halafu jifanye umesahau bimu yako, anza na wingu la nukta lisilo na umbo, umwachie PyTorch alisogeze mpaka histogramu zote 10 zifanane. Utakwama mapema mahali pamoja, nakwambia kabisa: histogramu ya kawaida haina mteremko, nukta ikisogea kidogo ndani ya kisanduku chake hakuna kinachobadilika, kwa hiyo kosa halijui lirudi nyuma kwa njia gani na mafunzo yanaganda tu hayaendi popote. Hata hao wa SLAC ilibidi walikwepe hilo. Dawa yake kila nukta usiihesabu kama kitone kwenye kisanduku kimoja, ifanye kilima kidogo kinachomwagikia kwenye visanduku vya jirani, upana wa kilima uwe kama pikseli moja hivi. Ukiweka kikubwa unaua undani, ukiweka kidogo unarudi kwenye kuganda.

Vichwa viwili vikishajitenga kwenye ramani yako, anza kupunguza picha kutoka 10 kwenda 8, 6, 4, na uongeze kelele kidogo kila mara, uone ni wapi vinaanza kuungana tena kuwa yai moja. Andika hiyo grafu unitumie, nitaichapa.